Kupima Nchi Kabla ya Kujenga

Mtu anayenunua mbuzi hamchukui kwa sababu ya rangi yake tu. Humfungua kinywa na kutazama meno, apate kujua umri wake. Hutazama macho, miguu na kwato. Humwuliza mwenye mbuzi: «Amezaa mara ngapi? Amewahi kuugua?» Akisha kujua hayo yote, ndipo hutoa feza.

Lakini mtu huyohuyo akitafuta kiwanja cha kujenga, mara nyingi hutazama jambo moja tu. Akiona udongo ni mweusi na mahindi ya jirani ni marefu, basi, hujenga. Haulizi maji yatatoka wapi. Haulizi mambo gani yaliwapata watu waliokaa pale kabla yake. Mbuzi mbaya humpotezea mtu feza zake. Kiwanja kibaya huweza kumpotezea watoto wake.

Kwa hiyo mtu mwenye akili huipima nchi kwa maulizo matano:

1. Je, nchi hii italisha jamaa yangu?
2. Je, maji yako wapi, nayo ni mema?
3. Je, ardhi inakubali kuchimbwa?
4. Je, hatari gani zimepita hapa, na zinaweza kurudi?
5. Je, siku ya hatari tutatokea wapi?

Katika somo hili nchi inayopimwa ni teritware ya Nyiragongo.

NCHI YENYEWE

Teritware ya Nyiragongo iko Kivu ya Kaskazini, katika Kongo, karibu na mpaka wa Rwanda. Ni ndogo kuliko teritware zote za jimbo hilo. Kusini yake uko mji wa Goma, ukingoni mwa ziwa Kivu. Maji ya ziwa hilo yako metri 1,460 juu ya bahari, kwa hiyo hewa ya nchi ni ya baridi kidogo na ya kupendeza.

Kaskazini ya mji umesimama mlima Nyiragongo, wenye metri 3,470. Ni mlima wa moto. Kutoka kinywa chake mpaka Goma hazifiki kilometri 20. Mara nyingi watu wa Goma wameona mawingu mekundu juu ya mlima wakati wa usiku. Wekundu huo hutoka kwa mawe yaliyoyeyuka ndani ya kinywa cha mlima. Mawe hayo huitwa lava. Mlima jirani, Nyamulagira, wenye metri 3,058, hulipuka mara nyingi zaidi, lakini lava yake huenda zaidi katika pori.

ULIZO LA KWANZA: CHAKULA

Lava ikipoa huwa jiwe jeusi, gumu. Hakuna kinachoota juu yake. Lakini mvua, jua na mizizi hulivunja jiwe hilo kidogo kidogo, na majivu ya mlima huanguka juu yake. Baada ya miaka mingi sana hupatikana udongo wenye nguvu. Ndiyo sababu katika nchi ya Nyiragongo maharagi, viazi, mahindi, mtama, migomba, karoti na shu hustawi. Mvua hunyesha miezi mingi, na wakulima hupanda mara mbili kwa mwaka.

Ziwani mna sambaza. Samaki hao wadogo hawakuwamo zamani. Waliletwa kutoka ziwa Tanganika karibu na mwaka wa 1959, nao wakaongezeka sana. Leo wavuvi huwavua usiku kwa taa.

Lakini si kila shamba ni sawa. Shamba moja lina udongo mweusi wa kufika magotini. La jirani, hatua mia kutoka hapo, ni mwamba mtupu, kwa sababu lava ilipita pale juzi juzi. Tena moshi wa mlima ukichanganyika na mvua huunguza majani ya maharagi na mboga. Anayetaka kununua shamba achimbe kwanza mahali pengi, asitazame pembe moja tu.

Jibu: nchi hulisha watu wake vema, lakini shamba moja lisipimwe kwa kutazama la jirani.

ULIZO LA PILI: MAJI

Mgeni akisikia mvua nyingi inanyesha, hudhani maji ni mengi. Akizunguka nchi hii hukuta jambo la ajabu: hakuna mto. Sababu ni nini? Mwamba wa lava una nyufa na matundu mengi, kama kitunga. Mvua ikianguka hupita chini mara moja na kupotea. Chemchemi ni chache. Kwa hiyo watu hukinga maji ya mvua juu ya manjanja, au huenda mbali na mabido yao. Katika njia za Goma chukudu hubeba mabido mengi kutoka ziwani.

Maji ya mvua nayo yana hila yake. Mvua inayopita katika moshi wa mlima huchukua florini. Florini kidogo haidhuru, lakini mtoto anayekunywa nyingi kwa miaka mingi hupata meno yenye madoa ya kahawia. Kuchemsha maji huua vijidudu vya kolera, lakini hakuondoi florini. Kwa hiyo mama mwenye akili huacha mvua ya kwanza ioshe manjanja, hufunika pipa vizuri, na hatumii maji yaliyokingwa siku ya majivu. Akipata maji ya chemchemi, huwapa kwanza watoto wadogo.

Jibu: nchi haina maji ya kutosha. Anayejenga pale afikiri juu ya pipa kabla ya kufikiri juu ya mlango.

ULIZO LA TATU: KUCHIMBA

Mawe ya lava ni mazuri kwa msingi na kuta. Hayaozi, wala mchwa hawayali. Lakini ukitaka kuchimba shimo la choo, jembe hurudi nyuma na cheche hutoka. Watu wengi huridhika na shimo fupi, au hutumia ufa ulio katika mwamba. Hapo uchafu hupita katika nyufa kama mvua, na hakuna ajuaye utatokea wapi.

Mambo ya mwaka wa 1994 yalionyesha ubaya wa jambo hili. Mwezi wa saba mwaka huo, wakimbizi karibu milioni moja kutoka Rwanda waliingia Goma na kandokando yake kwa siku chache tu. Wengi walikaa juu ya mwamba wa lava. Katika kambi ya Kibumba hamkuwa na maji, ikabidi yaletwe kwa malori. Haikuwezekana kuchimba vyoo, wala makaburi. Kolera ikaingia, na baada yake kuhara damu. Karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza.

Mwaka wa 2022 watu wengine, waliokimbia vita vya Rutshuru, walikaa Kanyaruchinya juu ya mwamba uleule. Kolera ilirudi.

Jibu: watu wachache wanaweza kukaa vema juu ya mwamba huu. Watu wengi wakija kwa ghafula, ugonjwa huja pamoja nao. Choo na maji safi vitayarishwe kabla ya wageni kufika.

ULIZO LA NNE: HATARI

a) Moto wa mlima

Tarehe 10 Januari 1977 mbavu za Nyiragongo zilipasuka. Lava yote iliyokuwa katika kinywa cha mlima ilimwagika kwa muda usiofika saa moja. Lava ya mlima huu ni nyepesi kama uji usioiva, kwa hiyo hukimbia. Siku ile ilishuka mitelemko mikali kwa mwendo wa kilometri 60 kwa saa. Hata mtu mwenye baiskeli hawezi kwenda hivyo. Watu wengi wa vijijini walikufa kabla ya kujua kitu gani kimewafikia.

Tarehe 17 Januari 2002 mlima ulipasuka tena, upande wa kusini. Lava iliingia Goma yenyewe, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji na kuingia ziwani. Kanisa kuu liliteketea. Zaidi ya watu laki moja walibaki bila nyumba. Lakini mjini lava ilikwenda polepole, na watu karibu laki nne waliweza kukimbia kwa miguu. Siku chache baadaye watu wengine walirudi kuchota mafuta ya gari karibu na lava iliyokuwa ingali na moto. Mafuta yalilipuka, na wengi wakafa. Mlima uliwaacha, tamaa ya mafuta haikuwaacha.

Tarehe 22 Mei 2021, jioni, mlima ulilipuka bila kuwapa watu onyo lililo wazi. Lava ilifunika vijiji vya teritware ya Nyiragongo, ikakata barabara ya Rutshuru, ikaharibu tangi kubwa la maji, ikasimama Buhene, mlangoni mwa Goma. Watu zaidi ya 30 walikufa. Wengine wao walikufa walipojaribu kuvuka lava iliyokuwa bado inatoa moshi. Katika mbio za usiku ule watoto wengi walipotezana na wazazi wao.

Mwaka wa 1977, wa 2002, wa 2021: kati ya tarehe hizo imepita miaka 25, halafu 19. Mtu mwenye umri wa miaka 50 ameyaona mara tatu. Kwa hiyo asiseme: «Hayatarudi.»

b) Hewa mbaya

Upande wa magharibi wa Goma, kuelekea Sake, mna mabonde madogo yanayotoa hewa mbaya ardhini. Wenyeji huita hewa hiyo mazuku. Haionekani. Ni nzito kuliko hewa nyingine, kwa hiyo hukaa bondeni kama maji katika bakuli. Huzidi usiku na asubuhi mapema, wakati upepo haujavuma. Moto huzimika ndani yake, na mnyama au mtu hufa upesi.

Mtoto mmoja aliyechunga mbuzi alimwita babu yake na kumwonyesha:

— Babu, mbuzi wetu amelala mle bondeni, lakini hana jeraha. Na ndege wawili wako kando yake.

— Usishuke, mjukuu wangu! Mle mna mazuku.

— Nitazuia pumzi, babu. Nitamvuta kwa kamba tu, nitoke.

— Wengi walisema hivyo. Wa kwanza alimfuata mbuzi, akalala karibu naye. Ndugu yake alimfuata yeye, akalala juu yake. Mwache. Jua likipanda na upepo ukivuma, watu wazima watasimama juu na kumvuta kwa kulabu ndefu.

— Basi mbuzi amepotea, babu?

— Mbuzi amepotea. Wewe upo. Nenda sasa ukawaambie wenzako mahali hapa.

Mtoto akaenda. Siku ile watoto wote wa kijiji walijua bonde lile.

c) Ziwa

Chini sana katika maji ya ziwa Kivu, lenye kina cha karibu metri 480, mmefungwa hewa nyingi: ile hewa nzito ya mazuku, pamoja na nyingine iwakayo moto, iitwayo metani. Zikikaa chini hazimdhuru mtu. Lakini wataalamu hulilinda ziwa, kwa sababu wanakumbuka ziwa Nyos katika Kameruni. Tarehe 21 Agosti 1986 ziwa hilo lilitoa hewa yake nzito kwa ghafula usiku, na watu karibu 1,700 walikufa. Katika Rwanda watu wamekwisha kuanza kuitoa metani ya Kivu na kuitumia kwa umeme. Hivyo kitu cha hatari kimeanza kuwa kitu cha faida.

Jibu: hatari ni tatu, nazo ni za kweli. Hakuna mtu awezaye kuziondoa. Kila mtu anaweza kuzijua.

ULIZO LA TANO: NJIA

Mtu akichora Goma juu ya karatasi ataona neno hili: kusini ni ziwa, kaskazini ni mlima. Barabara kubwa zimebaki tatu: ya mashariki, inayoingia Rwanda kwa Gisenyi, ya magharibi, inayokwenda Sake, ya kaskazini, inayokwenda Rutshuru. Njia ya nne ni mashua za kwenda Bukavu.

Mwaka wa 2002 lava iliugawanya mji sehemu mbili, na waliokuwa upande mmoja hawakuweza kwenda upande wa pili. Mwaka wa 2021 barabara ya Rutshuru ilikatwa. Tarehe 27 Mei mwaka huo wakubwa wa nchi waliwaamuru watu wa sehemu nyingi za Goma waondoke, na kwa siku moja barabara ya Sake ikajaa watu, magodoro na mbuzi. Tena vita hufunga njia kama lava inavyofunga. Tangu mwaka wa 2022 watu wa nchi hii wameona hivyo mara nyingi.

Jibu: njia ziko, lakini yoyote inaweza kufungwa. Mwenye njia moja ni kama asiye na njia.

JE, AHAMIE WAPI?

Mtu mmoja atasema: «Basi, nitakwenda mahali pasipo mlima wa moto.» Vema. Aende Kalehe, katika Kivu ya Kusini, kando ya ziwa hilohilo. Kule mito ipo, na milima ni ya majani mabichi. Lakini tarehe 4 Mei 2023 mvua kubwa ilijaza mito ya Kalehe. Maji, matope na mawe yakashuka juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walikufa. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko.

Anayekimbia moto anaweza kukutana na maji. Kila nchi ina hatari yake, na mgeni huijua mwisho, kwa sababu hakuuliza wazee.

HUKUMU

Je, nchi ya Nyiragongo inafaa? Kwa chakula inafaa sana. Kwa maji na kwa kuchimba haifai vema. Kwa hatari ni nchi kali. Udongo unaolisha watu ni mtoto wa moto ule ule unaowaua. Watu wanarudi kila mara, kwa sababu wanahitaji kula leo, na mlima haulipuki kila siku. Si wajinga. Lakini anayekaa kule apatane na mlima kwa mashariti haya:

1. Nyumba isijengwe bondeni, wala mahali lava ilipopita mwisho, wala mahali wenyeji wanapopaita mazuku.

2. Pipa la mvua lifunikwe. Bido moja la maji safi likae limejaa kila usiku.

3. Mfuko mmoja ukae karibu na mlango: karatasi za jamaa, dawa, taa, blanketi, chakula kikavu cha siku chache.

4. Jamaa yote ijue njia mbili za kutokea, na mahali pa kukutana mbali na mji. Mwaka wa 2021 jambo hili dogo lingaliwasaidia watoto wengi.

5. Kila mtoto ajue kutaja majina kamili ya baba na mama yake, na kijiji chake.

6. Watu wasikilize habari za wataalamu wa mlima, ambao wana nyumba yao ya kazi katika Goma tangu mwaka wa 1986. Wataalamu hao waliwafundisha watu rangi nne: kijani, mlima umetulia, manjano, angalieni, machungwa, jitayarisheni, nyekundu, ondokeni. Lakini mwaka wa 2021 mlima haukungoja rangi. Anayeona moto kwa macho yake aondoke.

7. Asivuke mtu lava inayotoa moshi, wala asirudi kuchukua vitu kabla ya kuruhusiwa.

Mambo haya saba hayana gharama kubwa. Bido, mfuko, majina mawili, njia mbili: hata mjane maskini anaweza kuyatayarisha leo kabla ya jua kuchwa.

MANENO

Bido: chombo cha kubebea maji au mafuta.
Chukudu: gari la mbao lenye magurudumu mawili, linalosukumwa na mtu.
Manjanja: mabati ya kuezekea nyumba.
Kulabu: chuma au mti uliopindwa nchani, wa kuvutia vitu.
Ufa (nyufa): mahali palipopasuka.

MAULIZO

1. Mnunuzi wa mbuzi hutazama nini? Mnunuzi wa kiwanja atazame nini?
2. Kwa nini nchi ya Nyiragongo ina mvua nyingi lakini haina mito?
3. Kuchemsha maji huondoa nini? Hakuondoi nini?
4. Kwa nini watu wengi waliokoka mwaka wa 2002, na mwaka wa 1977 hawakuweza kukimbia?
5. Kwa nini babu alimkataza mjukuu kushuka bondeni?
6. Kalehe inatufundisha nini?

KAZI

Chora kijiji chako. Onyesha maji, mashamba, mabonde, mito na barabara. Nyumbani, waulize wazee: «Hatari gani ilipita hapa kabla sijazaliwa?» Andika tarehe yake ikiwa wanaijua. Halafu onyesha kwa kalamu nyekundu njia mbili ambazo jamaa yako ingetokea, na mahali pa kukutana. Soma kazi yako mbele ya wenzako, kisha uisome nyumbani.